Mtu Aliyepigwa na Radi Haguswi

Hakuna kitu kilichomkera Lenah kama makofi. Ya kanisani aliyavumilia, ya harusini akayameza, lakini makofi aliyopigiwa Muigai yalimwasha kama upupu. Na Muigai alipigiwa makofi kila alikokwenda.

Huyu Lenah alikuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja cha ufundi mjini Kitale. Kwao ni Lugulu, upande wa Bungoma, na wikendi alirudi huko kupalilia maharagwe yake na kutomsemesha mtu. Mwanamke mrefu, mkavu, wa kusema jambo mara moja kisha akukazie macho kuona kama limekuingia. Somo lake alilijua. Shida ni kwamba alilijua peke yake. Alifundisha akiwa ameugeukia ubao, sauti yake nyembamba ikiishia kwenye chaki, na nyuma yake wanafunzi wakilala fofofo. Aliwaacha walale. Kwa maoni yake, mtu anayeweza kulala umeme ukielezwa hafai kuamshwa.

Sasa Muigai. Watu wa Muigai walihamia huku Trans-Nzoia enzi za babu yake, wakalima mahindi, wakafungua duka la mbolea na dawa za mifugo, halafu wakamzaa huyu mmoja mwenye mdomo. Mdomo tu, bana! Yeye na Lenah walikuwa ofisi moja, meza zikitazamana, na cheti chake hakikuzidi cha Lenah hata kidogo. Lakini watu walimwita Dakta. Udaktari alipewa na nani? Na muuza mitumba mmoja wa Kitale aliyefurahishwa na maneno yake. Muigai hakukataa. Siku chache baadaye jina likawa kwenye mabango: Dakta Muigai na Maajabu ya Sayansi.

Wafadhili fulani walikuwa wameamua kwamba sayansi lazima iwafikie wananchi, na mkuu wa chuo akaamua kwamba itawafikia kwa gari la chuo likiendeshwa na Muigai. Wafadhili hao hao walitaka mwanamke aonekane kwenye picha. Hivyo ndivyo Lenah alivyojikuta kwenye msafara tangu safari ya kwanza, amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya meza, akipigwa picha. Alipewa dakika tano mwishoni, za "somo lenyewe". Maneno hayo yalimchekesha kwa uchungu. Kama hilo ndilo somo lenyewe, yale mengine ya saa nzima yalikuwa nini?

Yalikuwa sarakasi. Muigai alikuwa na mashine ya chuo, nguzo ya plastiki yenye kichwa kikubwa cha aluminiamu cha mviringo. Ukiiwasha, mkanda wa mpira unazunguka ndani na kurundika umeme kwenye kile kichwa, umeme mchache ambao hata kuku hauwezi kumuua. Muigai alimwita msichana mwenye nywele za kuchana, akamwekea mkono pale juu, nywele zikasimama wima, na uwanja mzima ukavunjika mbavu. Kisha akawapanga watu kumi, washikane mikono, wa kwanza aguse kichwa cha mashine. Wote waliruka kwa pamoja wakipiga mayowe. Wazee wazima, wenye fimbo zao, waliruka!

Hapo ndipo alipoingiza kibwagizo chake. Alirukaruka kama amekanyaga makaa, akapandisha suruali, akauliza, "Mmeona? Umeme ukiingia kwa mtu, ukimgusa unaingia kwako! Sasa, mtu aliyepigwa na radi...?"

"Haguswi!" watu wakaitikia.

"Sijasikia, Bungoma!"

"HAGUSWI!"

Mara ya kwanza Lenah aliposikia hivyo, alidhani amesikia vibaya. Mvua za upande huu huja na radi kila mwaka, na kila mwaka zinaacha kilio mahali. Anayepigwa na radi hakai na umeme mwilini. Umeme umeshapita kabla hujapepesa jicho, umeshaenda zake ardhini, na kinachobaki pale chini ni mtu ambaye moyo wake umesimama. Huyo anataka mikono. Anataka mtu apige magoti kando yake na kumkandamiza kifua bila kuchelewa, na Muigai alikuwa akiufundisha umati mzima kumkimbia.

Alimwambia ndani ya gari, siku ile ile.

"Muigai, hiyo maneno ya haguswi si kweli, na unajua."

"Ni utani tu, Lenah. Ile ya waya ya stima si ni kweli?"

"Waya ya stima ni kweli, kama bado ameishika. Radi si waya."

"Watu wanajua ni utani."

"Hawajui kitu hao."

"Basi si uwaambie? Una dakika zako tano." Akapiga honi kumsalimia mtu aliyempungia mkono. Kila mtu alimpungia mkono.

Lenah aliwaambia. Hilo hakuna atakayemnyang'anya, aliwaambia. Huko Lwakhakha, mpakani, alisimama na kuchora wingu kwenye karatasi kubwa, akachora alama za kujumlisha chini yake na za kutoa juu ya ardhi, akakosea, akafuta, akachora upya, akaanza kueleza tofauti ya volti. Alipogeuka kuwatazama watu, aliona migongo. Wamama walikuwa wameenda kununua mahindi ya kuchoma. Vijana walikuwa wamemzunguka Muigai wakipiga selfi. Mzee mmoja tu ndiye aliyebaki kwenye kiti, na alikuwa amesinzia mate yakimtoka. Lenah alikunja karatasi yake kabla ya kufika kwenye lile neno alilotaka kusema, kwamba aliyepigwa na radi aguswe. Moyoni akasema, shauri yao. Watu wanaotaka kuchekeshwa, wachekeshwe hadi wakome.

Na tangu siku hiyo hakurudia. Dakika zake tano alizitumia kuwashukuru wafadhili.

Msafara uliendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Watoto wa shule waliimba "haguswi" wakicheza mpira wa kati. Mhubiri mmoja alilitia neno hilo kwenye mahubiri yake. Wafadhili waliandika ripoti kwamba wananchi wameipokea sayansi kwa shangwe, na Muigai akanunua koti jeupe la daktari, na kalamu tatu za kuchomeka mfukoni. Lenah alizitazama zile kalamu akajiuliza ni ipi iliyowahi kuandika kitu.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, wakafika Malakisi. Wekoye, kijana aliyekuwa akiwabebea spika na kuunganisha nyaya, alikuwa na furaha isiyo na kifani, maana Malakisi ni kwao. Mkewe Viola alikuwa amekaa safu ya mbele na gauni la kitenge, akimwonyesha kila jirani, "Ule wa nyaya ndiye wangu." Wakulima wa tumbaku walikuja na nguo zao za kazi. Watoto walikuja na kelele zao. Muigai alifanya vitimbi vyake vyote siku hiyo, na walipoitikia "haguswi" Lenah aliiona midomo yao ikifunguka kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, akawadharau wote kwa mpigo.

Wingu lilishuka kutoka mlima Elgon kabla hata hajapewa dakika zake. Matone makubwa yakaanza. Jenereta ikazimwa, watu wakajibanza kwenye veranda za maduka, na Wekoye akakimbilia spika iliyokuwa chini ya mti wa bluegum pembeni mwa uwanja, kwa sababu spika ikilowa atakayefokewa ni yeye.

Mwanga na mlio vilikuja pamoja. Lenah aliona weupe mtupu, na masikio yakaziba. Alipoona tena, gome la mti lilikuwa limechanika kutoka juu hadi chini, na Wekoye alikuwa amelala chali hatua chache kutoka hapo, mkono mmoja umekunjwa chini ya mgongo.

Watu walikimbia kumwendea. Hebu tuwape haki yao, walikimbia, tena wengi, na mvua ile. Halafu wakasimama. Walisimama wote kwa pamoja, wakamzunguka kwa mbali, duara safi kabisa kama waliochorewa mstari. Hakuna aliyeuvuka. Mwanamume mmoja alinyoosha ufagio ili amguse, mwingine akamnyang'anya.

"Usiguse! Bado iko na umeme!"

"Dakta alisema!"

Viola alikuja akipiga mayowe, na wanawake watatu wakamkamata. Walimkamata kwa mapenzi, wakimlilia masikioni, "Viola, una watoto, Viola, utaenda na wewe." Alijitupa huku na huku na hawakumwachilia.

Kitu cha kwanza kilichompitia Lenah moyoni hakikuwa huruma. Kilikuwa: nilisema. Akakaa nacho kwa muda wa pumzi moja, na kilikuwa kitamu. Kisha akamwona Wekoye uso wake ukigeuka rangi, akavua viatu, akakimbia.

Mtu alimdaka sweta. "Madam, utakufa!" Lenah alimzaba kofi, sweta ikabaki mikononi mwake. Akapiga magoti kwenye matope. Hakukuwa na pumzi. Akaweka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, kama walivyofundishwa chuoni kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, mafunzo aliyoyaona ya kupoteza wakati, akaanza kukandamiza kwa nguvu na kwa haraka. Nyuma yake umati ulipiga kelele ya kumwombea. Wengine walifunika macho ya watoto.

Ukitaka kujua kifua cha mwanamume ni kigumu kiasi gani, jaribu kukikandamiza ukiwa mwanamke wa makamo, mvuani. Mikono ilimwisha nguvu upesi. Alijua akilegea, basi. Akainua kichwa na kumwona Muigai mbele kabisa ya lile duara, koti jeupe limemganda mwilini.

"Muigai! Kuja unishike mkono!"

Muigai alitanguliza mguu. Akaurudisha.

"Muigai! Si unajua hakuna kitu! Waambie!"

Alifungua mdomo. Ule mdomo! Mdomo uliokusanya watu kutoka Kitale hadi mpakani, sasa ulikuwa wazi, mvua inaingia, na hakuna kinachotoka. Watu walimtazama Dakta wao, wakaona hasogei, wakarudi nyuma hatua nyingine.

Lenah alitaka kuwaeleza. Maneno yalimjia yote, chaji, ardhi, volti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akayatema. Akamgeukia Viola.

"Viola! Niangalie! Si nimemshika?" Akapiga kifua cha Wekoye kwa viganja viwili, pu, mbele ya macho yake. "Nimemshika hapa! Nimekufa? Nimeruka? Niangalie vizuri, mimi ni mzee, mimi si kitu, nimekufa?"

Viola alimwangalia. Kila mtu alimwangalia, na hakuna hata mmoja aliyefikiria mahindi ya kuchoma.

"Hujakufa," Viola alisema.

"Basi kuja!"

Viola alimng'ata mmoja wa waliomshika, akachomoka. Alipoanguka juu ya mumewe, umati mzima ulifumba macho ukingoja mshindo. Haukuja. Alikuwa amemkumbatia, na yuko hai, na analia. Lenah akamwekea mikono mahali pake, "Hapa. Nguvu. Usiache," naye Viola akakandamiza. Mkulima mmoja wa tumbaku, mwenye mikono myeusi ya utomvu, akavuka akaja kumpokea alipochoka. Halafu mwingine. Halafu ikabidi Lenah awafukuze, maana kila mtu alitaka zamu, na wanaume wanne walikuwa wakigombania kifua kimoja.

Wekoye alikohoa. Alitapika maji ya mvua na chai, akasema neno moja la matusi ambalo mama mkwe wake, aliyekuwepo, alijifanya hakulisikia. Wakampakia kwenye pikapu ya mwenye duka na kumkimbiza hospitali. Hakuna aliyepiga makofi, na Lenah hata hakukumbuka kuyangoja.

Hospitalini Viola alitoka wodini akiwa na matope hadi magotini. Sikio moja la Wekoye halisikii, alisema, lakini anazungumza, na ameomba uji. Kisha akamshika Muigai mikono yote miwili. "Asante, Dakta. Mungu akubariki. Kama hamngekuwa pale!" Akamgeukia Lenah. "Na wewe, mama, asante sana. Wewe ni nesi?"

"Mimi ni mwalimu wa fizikia," alisema Lenah.

"Aa," Viola akasema kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa jina la kijiji asichokijua.

Muigai alipokea shukrani zake bila kusema kitu. Hata kwenye gari hakusema. Hilo lilimshangaza Lenah, kwa kuwa njiani Muigai kwa kawaida alisimulia onyesho lote upya kama vile hakukuwepo mwingine. Lenah alikuwa amejiandalia maneno ya kumpa, maneno ya kukata, yalikuwa yamejipanga tayari. Karibu na Bungoma mjini Muigai akasimamisha gari kando ya barabara.

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa nini?"

"Kumgusa."

"Usiniambie ujinga. Wewe umesoma hiyo kitu. Umeifundisha."

"Najua hakuna kitu, Lenah. Hata pale nilijua. Miguu ndiyo ilikataa." Akashika usukani kwa nguvu. "Nimeisema mara nyingi sana hiyo maneno. Nilikuwa nikiisikia kichwani na sauti zao zote."

Lenah alimtazama huyu mtu mzima na kalamu zake tatu zilizovuja wino kwenye koti. Ya kumkata yalikuwa bado yapo, lakini alikosa hamu nayo. Mchawi gani huyu, alifikiri, aliyejiroga mwenyewe!

"Wiki ijayo ni Lwakhakha tena," alimwambia. "Unasimama mbele yao unasema hivyo hivyo. Niliwadanganya, na siku yenyewe ilipofika niliogopa."

"Watanicheka."

"Si siku zote unataka wacheke?"

Lwakhakha walikuja wengi kuliko mwaka uliopita, wengine wakivuka daraja kutoka Uganda na mizigo yao kichwani. Muigai alipanda jukwaani bila koti. Alipoanza tu, "Mtu aliyepigwa na radi," wakamwitikia kabla hajamaliza, uwanja mzima, "HAGUSWI!"

"Hapana," alisema. "Anaguswa."

Wakacheka. Walidhani ni kichekesho kipya, wakamngoja arukeruke. Hakuruka. Akawasimulia Malakisi kuanzia mwanzo: mti, duara, mguu aliotanguliza na kuurudisha. Alisimulia vibaya, akishikwa na kigugumizi, akirudia maneno, na mara kadhaa akasema "samahani" mahali pasipohitaji. Kicheko kilipungua pole pole kikaisha. Hakuna aliyeondoka. Akalala chini jukwaani na shati lake safi, akamwita Lenah aje awaonyeshe kwenye kifua chake mikono inawekwa wapi, na watu wakasimama juu ya viti ili waone. Lenah aliwaonyesha, akiwa amewatazama wao. Kisha akawauliza kama kuna swali. Mwaka na zaidi wa msafara, hakuna aliyewahi kuuliza swali isipokuwa kuhusu fulana za bure.

Mwanamke mmoja alisimama katikati. Alikuwa na kitambaa cha kichwa cha buluu na jembe begani, inaonekana alikuwa ametoka moja kwa moja shambani.

"Mimi naitwa Rosaline," alisema. "Mwaka jana mlikuja hapa. Tulikuja sisi wote na watoto, tukafurahi. Baada ya hapo, mvua ikinyesha, binti yangu Pauline alipigwa na radi akitoka kuchota maji. Alikuwa ameanguka hapo karibu na lango. Tulisimama. Baba yake alitaka kwenda, mimi ndiye nilimshika." Akahamisha jembe bega la pili. "Sasa nauliza. Tungemshika?"

Muigai alikuwa ameketi pale chini jukwaani, na vumbi kwenye nywele. Aligeuka kumtazama Lenah.

Lenah alishuka kutoka jukwaani, akapita katikati ya viti hadi alipofika mbele ya yule mama, ili asilazimike kupaza sauti.

"Ndiyo, mama. Pengine angeamka, pengine hangeamka. Lakini mngemshika."

Rosaline alitikisa kichwa kukubali, taratibu, mara kadhaa. Akamwangalia Lenah usoni kwa makini.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa," Lenah alisema. "Nilikuwa nimekaa pale nyuma ya meza."